Kibana kamba: cha bomba au kinachojibana chenyewe?

kidole_juu: Wakuu, habari zenu. Mimi na mwenzangu tunaanza kupanda ukuta wa ndani, kamba ikiwa imeshapitishwa juu. Mafunzo ya awali tumepata, sasa tunataka vifaa vyetu. Mimi nina kilo 60, yeye 84. Tuchukue kibana kamba (kifaa cha aliye chini cha kushikia kamba ya mpandaji) cha bomba cha kawaida, au kinachojibana kama GriGri?

mama_karabina: Karibuni. Mimi naegemea GriGri. Mwenzio akiteleza ghafla, kamba inavutwa, kidole cha ndani kinazunguka na kuibana. Ila soma unene wa kamba ulioandikwa kwenye kifaa chenyewe. Pia ukiipitisha kamba kinyumenyume haibani vizuri, kwa hiyo kabla mtu hajainua mguu, vuta kwa nguvu upande wa mpandaji uone inakamata.

babu_bomba: Napingana kidogo. Bomba ni jepesi, ni rahisi, na linakufundisha mkono. Wanaoanza na GriGri wengi huzoea kuachia mkono wa breki, yaani ule unaoshika upande wa kamba unaotoka kwenye kifaa, wakidhani kifaa kitafanya kazi yote. Halafu wakati wa kumshusha mtu wanashtuka na kuvuta mpini wa GriGri wa kuachia kamba hadi mwisho, na hapo mwenzio anashuka kama gunia.

mama_karabina: Babu, hilo la mpini ni kweli tupu. Lakini bomba nalo halimsamehi aliyezubaa. Mkono wa breki haubanduki kwenye kamba, kifaa kiwe kipi.

zege_laini: Mbona hakuna anayegusa zile kilo 24 anazokuzidi mwenzio? Hapo ndipo penye kazi. Yeye akianguka, wewe unanyanyuliwa. Simama karibu na ukuta, usikae mbali ukavutwa mbele ukajigonga. Ulizeni kama ukumbi una mfuko wa mchanga au nanga ya sakafuni ya kujifungia. Kuna pia kifaa cha Edelrid kiitwacho Ohm, kinawekwa kwenye nanga ya kwanza ukutani kuongeza msuguano, ila hicho ni cha wanaopanda na kamba kutoka chini. Nyie bado.

kidole_juu: Asante sana. Na ukaguzi kabla ya kupanda, ni wa lazima kila mara hata kama tumepanda pamoja asubuhi nzima?

babu_bomba: Kila mara. Lynn Hill, bingwa wa mashindano, mwaka 1989 kule Buoux, Ufaransa, alipitisha kamba kwenye mkanda wa kupandia unaovaliwa kiunoni na hakumaliza fundo. Akapanda hadi juu, akaegemea kamba ili ashushwe, akaanguka zaidi ya mita 20. Matawi ya mti yakapunguza kishindo, akapona. Kama yeye ilimpata, sisi ni nani?

zege_laini: Kwa hiyo: fundo la nane lililofuatishwa (umbo la 8, kamba ikirudishwa kufuata njia ileile), mkia mrefu, mistari yake isipishane ovyo. Mkanda juu ya nyonga, bizimu yake imekazwa. Skrubu inayofunga mlango wa karabina (pete ya chuma inayounganisha kifaa na mkanda), ibonyeze kwa vidole uone kama inafunguka, macho pekee yanadanganya. Mwenzio naye akukague wewe, si wewe kumkagua yeye tu.

mama_karabina: Kwa kilo zenu, mwepesi ashike GriGri. Mzito akishika yeye, bomba linatosha. Nunueni kimoja cha kila aina, mtajifunza vyote.