Naomba ushauri: kuvuna zabibu za barafu usiku

Wakuu habari zenu, nimepata kibarua cha msimu kwenye shamba la zabibu huku Ontario, Kanada. Uvunaji wa kawaida wa Septemba na Oktoba sina wasiwasi nao, kinachonitisha ni zile za mvinyo wa barafu, zinaachwa kwenye mzabibu mpaka baridi ifike nyuzi -8 au chini zaidi ndo mnaitwa, mara nyingi usiku wa manane, na lazima zikamuliwe zikiwa bado zimeganda. Sasa glovu nene mkasi haushikiki, nyembamba vidole vinakufa ganzi, waliowahi kufanya hii kazi mnavaaje jamani? Na zile siku za kusubiri tu baridi ikolee mnalipwa au ndo imekula kwenu? Mkataba umekaa kimya.