Naomba ushauri: miche ya mpunga yenye majani meupe kwenye baridi
Wakuu, kwa nyuzi 20 kizazi cha F2 (cha pili baada ya kuchanganya mmea mweupe na wa kijani) kimetoa miche 152 ya kijani na 48 myeupe. Kai-mraba (kipimo cha kulinganisha na uwiano wa 3:1) ni 0.11, chini ya kikomo cha 3.84, kwa hiyo nashuku jeni moja fiche ya kwenye kiini cha seli. F1 (kizazi cha kwanza) ni kijani hata mama akiwa mweupe, basi urithi wa kloroplasti (sehemu ya seli yenye klorofili, rangi ya kijani) ya mama nimeuweka kando. Miche myeupe ikihamishiwa nyuzi 30, majani mapya ni ya kijani, ila ya zamani hayabadiliki kabisa. Klorofili napima kwa asetoni ya asilimia 80, nanomita 663 na 645, gizani maana mwanga huiharibu.

Sasa, nianze na RNA za ribosomu (mashine za kutengeneza protini) za kloroplasti, 16S na 23S, au vimeng'enya vya kutengeneza klorofili? Na nichukue jani la ngapi?