Shofere akificha ugonjwa, kamio ikauwa batu: nani wa kujibu?

Bandugu na bayaya, naleta swali yenye iko inanisumbua kichwa tangu wiki moja, tujadiliane bila matusi tafazali. Shofere wa kamio kubwa akiwa na ugonjwa yenye inaweza kumuangusha ku volani, kifafa, moyo, tansio, sukari yenye inashuka gafla, na akaficha, alafu siku moja ikamupata mu barabara na batu bakakufa, nani njo wa kujibu? Yeye mwenyewe? Munganga mwenye alimupigia kashe (muhuri) ku karatasi? Patro?

Nianze na yenye naona nyumbani. Shemeki yangu anapelekaka katode za shaba toka Kolwezi mpaka Kasumbalesa, ku mupaka na Zambia. Mwaka ya tatu sasa eko na sukari, anajipigaka sindano ya ensilini. Mu kabini yake nyuma ya siti kuko termosi moja nyekundu, ukiona utasema chai, kumbe ndani muko barafu na vichupa viwili vya ensilini. Konvoyeri wake, ule wa kumusaidia mu kamio, anazani ni dawa ya tumbo. Pale Kasumbalesa muntu anaweza kulala foleni siku mbili, tatu, hata zaidi, barafu inageuka maji, maji inakuwa ya moto, yeye anapiga ile ile dawa ao anaacha kabisa. Siku moja alinielezea vile alishituka kamio imesimama pembeni ya barabara mbele ya kufika Likasi, moteri inanguruma, na hakumbuki hata kidogo namna alikanyaga freni. Alikuwa anacheka wakati anaeleza. Miye nilikamata tu glasi yangu nikaangalia chini.

Nilimuuliza, shemeki, juu ya nini hauambii patro? Akasema nikimuambia leo, kesho funguo iko mu mukono ya mwingine, na ule mwingine ataficha ya kwake. Na vizite medikale je? Akasema munganga alimuuliza jina na uzito, akamuonyesha kalandari ku ukuta, unaona? Naona. Kashe ikalia. Hata tone ya damu hawakumupima.

Sasa sheria. Kodi penale yetu ya Kongo (sheria ya makosa na jela), artikle 52 na 53, inasema mwenye kuuwa bila kukusudia, kwa kukosa kuona mbele ao kukosa uangalifu, anafungwa miezi 3 mpaka miaka 2. Muntu anajua kama anazimiaka na anapanda tu ku volani, hapo hauwezi kuniambia ni bahati mbaya. Lakini soma tena kodi sivile (sheria ya kulipa hasara na mambo ya raia), artikle 260: mwenye kumutuma mutu kazi anajibu pia hasara yenye ule mutu analeta mu ile kazi. Maana yake ku franka patro analipa, ku jela anaenda shofere peke yake. Njo pale mimi sikubali. Patro mwenye kulipa kwa safari, mwenye hakuulizaka hata siku moja "unaendeleaje", yeye pia alikosa uangalifu, na ningependa tumuone mbele ya tribinali sawa na shofere. Semeni.

Mama wa Katuba: Yaya, shemeki yako nitamuonea huruma siku atapaki ile kamio. Leo hapana. Tani 30 ku mugongo, barabara yenye inajaa bisi na batoto ya masomo, na weye unatuletea mambo ya termosi? Mwezi wa pili 2019 kwa upande wa Tenke kamio ya asidi iligongana na bisi, batu karibu 20 bakakufa, bengine bakaunguzwa na asidi. Sisemi ule shofere alikuwa mugonjwa, nasema mujue ile kitu inabebwa ku hii barabara. Mwenye kujua na akanyamaza ni mwenye kosa. Patro hana macho ya kuona sukari mu damu ya mutu.

Kamio Mbili: Asante mama. Mimi niko patro, kama kamio mbili za mukopo zinaweza kuitwa upatro. Asiransi nalipa, ni ya lazima tangu sheria ya 1973. Shofere ananiletea permi, ananiletea sertifika medikale yenye kashe, nifanye nini tena, nimulambe damu? Siku atauwa mutu na karatasi yake ilikuwa ya uongo, ni mimi nitauza nyumba. Alafu munataka na jela nigawane naye!

Rutu Nasiona: Patro, ile karatasi wewe mwenyewe unajua wapi inauzwa na bei yake. Tuache michezo. Na kuko ugonjwa yenye haiko mu karatasi: usingizi. Ninapakia usiku Kolwezi, asubui unanipigia simu "uko wapi", mangaribi unanipigia "uko wapi". Masaa 20 bila kulala haiko ugonjwa? Ile nilikuambia, na ulisema nikunywe kawa.

Munganga wa Ruashi: Niingie kidogo juu naona kila mutu anapita ku munganga kama daraja. Kuko banganga babili. Mwenye kukutunza, anajua siri yako, na artikle 73 ya kodi penale inamufunga mudomo: akienda kumuambia patro wako "huyu eko na kifafa", yeye njo anaingia jela. Na kuko munganga wa vizite, kazi yake ni kuandika kama unaweza kazi ao hauwezi, basi, jina ya ugonjwa haimuangalie patro. Mwenye kupiga kashe bila kupima, ule mimi simutetee, sahihi yake ni uongo na mutu akikufa anapashwa kuulizwa. Lakini mufikirie hii. Glasgow kule Uingereza, tarehe 22 Desemba 2014, shofere wa kamio ya takataka alizimia mu katikati ya mji, kamio ikauwa batu 6. Ankete ikaonyesha alikuwa amekwisha kuzimia tena 2010 ku volani ya bisi, na alidanganya banganga, akadanganya baofisi ya permi, akadanganya ku kuomba kazi mupya. Parke ya kule (bashitaki ba serikali) haikumushitaki kwa vile vifo. Na ile ni inchi yenye vizite ni ya kweli na dosie zinatunzwa. Mugonjwa akiamua kudanganya, munganga anaona yenye mugonjwa anamuonyesha tu.

Etidia wa Droit: Kodi ya kazi ya 2002 iko wazi, ugonjwa inasimamisha kontra, haiikati. Patro anaweza kukata tu kama ugonjwa imepita miezi 6 mfululizo. Sasa huyu shemeki anaogopa nini?

Rutu Nasiona: Etidia, kontra gani? Hahaha.

Etidia wa Droit: Hata kama haiko ya kuandikwa! Jurnalye (mwenye kulipwa kwa siku) akisha kufanya siku 22 mu miezi 2, patro akimuita tena, sheria inahesabu ni kontra isiyo na mwisho. Mutu aende ku inspeksio ya kazi.

Mama wa Katuba: Aende ku inspeksio na batoto bakule nini wakati anangojea?

Mimi tena mwenye swali. Mama, umesema mwenyewe, hauoni? Ile chakula ya batoto njo inafanya mutu anyamaze. Marekani bashofere ya makamio banapimwa, karatasi inadumu miaka 2 kwa murefu, na unajaza fomu ya magonjwa yako na kutia sahihi, ukidanganya karatasi inaweza kufutwa na mashitaka yake inakufuata. Ukali kabisa. Lakini mwaka 2018 babadilisha sheria ya ensilini. Mbele ya pale, mwenye kupiga sindano alikuwa anaomba ruksa ya pekee, na mwenye hakutaka ile safari ya makaratasi alikuwa na sababu ya kunyamaza. Sasa munganga mwenye kukutunza anajaza fomu, unaleta vipimo vya sukari vya miezi 3, unapimwa kila mwaka, na unaendesha. Na Kamio Mbili, pole kweli, kwa jela nimekusikia, wewe wa kamio mbili haulingane na mwenye kamio mia. Lakini nijibu kitu kimoja: shofere wako akikuambia kesho niko na sukari, kuko kazi yoyote unaweza kumupatia, hata ya kulinda parking?

Kamio Mbili: Parking gani, kamio zinalala mbele ya nyumba yangu. Kweli kabisa, ningemuondoa. Nisiseme uongo.

Basi mumesikia. Munganga, nisaidie kitu kingine, ile ensilini ya mu termosi ingali dawa?

Munganga wa Ruashi: Ikisha kufunguliwa inavumilia kama wiki 4 kama joto haipite 30. Kabini yenye kufungwa, jua ya Oktoba, inapita pale mapema sana. Na barafu isiguse kichupa, ensilini ikiganda hata mara moja ni ya kutupa. Afunge vichupa mu kitambaa. Akirudi Lubumbashi aje na vile vichupa na glikometre yake (ya kupima sukari), saa ya mangaribi, na asivae kasaki ya kazi.

Nimemutumia hii sasa hivi. Eko Kasumbalesa, siku ya pili mu foleni. Amejibu tu: kitambaa ya namna gani?