Mrejesho: programu ya stakabadhi za korosho iliyokuwa inamaliza RAM

Wakuu, mrejesho. Niliuliza kwa nini programu ya Python inayosoma stakabadhi za ghala za korosho hapa Mtwara inauawa na Linux kwenye mashine ya RAM GB 1, ingawa kila faili likiisha kuna `del` (amri ya kuondoa jina la kitu).

Ni mzunguko wa marejeo, yaani vitu vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe. Kila Mzigo umeshika Ghala lake, na Ghala limeshika orodha ya mizigo. `del` inaondoa rejeo moja tu. Python hufuta kitu hesabu ya marejeo yake ikifika sifuri; hapa haifiki, hakuna kinachofutwa. Kuvunja mizunguko ni kazi ya `gc` (mkusanya taka wa Python), na maktaba moja ilikuwa imeita `gc.disable()` eti kuongeza kasi!

Dawa ni rejeo hafifu, lisilohesabiwa, ndani ya Mzigo: `self.ghala = weakref.ref(ghala)`. Ukilitaka unaita `self.ghala()`, ukipata `None`, ghala limeshafutwa, kwa hiyo lishikwe kwingine kwa rejeo la kawaida.

Kikomo cha `RLIMIT_AS` (kikomo cha kumbukumbu ambacho Linux huiwekea programu) nacho kimewekwa, MB 600. Programu ikizidi inatoa `MemoryError` na mstari unauona. Ila kinapima anwani zilizotengwa, si RAM iliyotumika. Nyuzi (threads) nyingi zitakimaliza bure, maana kila uzi hujitengea anwani zake.

Msishangae RAM inayoonyeshwa na amri ya `top` isiposhuka: arena, yaani kipande cha kumbukumbu ambacho Python hujitengea (MB 1 tangu Python 3.10), hurudishwa kwa Linux pale tu ikiwa tupu kabisa.