Kilimanjaro Marathon na saa ya ibada: ihamishiwe Jumamosi au ibaki ilipo?

Mangi wa Rau (mwenye mada)

Wakuu, nisiwazungushe. Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, Kilimanjaro Marathon hukimbiwa Jumapili asubuhi kuanzia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi. Wa kilometa 42 wanashika kwanza barabara kuu ya kwenda Himo, wanarudi mjini, halafu wanapanda Mweka. Barabara zinafungwa saa zilezile kengele zinapolia. Hoja yangu: ihamishiwe Jumamosi.

Eric Liddell, Mskoti, alikataa mchujo wa mita 100 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924 kwa sababu ulipangwa Jumapili. Mungu akampa dhahabu ya mita 400 kwa sekunde 47.6, rekodi ya dunia. Sisi tunaojaza makanisa kuanzia Machame hadi Rombo tunashindwa nini? Karibuni, ila matusi hapana.

Mhitimu Makumira

Shikamoo Mangi. Liddell tumsome mpaka mwisho. Ratiba ya Paris aliijua miezi kadhaa kabla, akaacha mita 100 na mbio za kupokezana, akahamishia mazoezi yake kwenye 200 na 400. Ile dhahabu imetoka kwenye mazoezi, haikushuka kama malipo ya kushika siku. Tukihubiri kwamba Mungu hulipa medali, tutamwambia nini aliyeshika Jumapili yake vizuri kabisa akamaliza wa nane?

Halafu kuna Liddell wa mwisho, ambaye hasimuliwi sana. Vita vya pili vilimkuta mmisionari nchini China, Wajapani wakamfungia kambini Weihsien, na huko ndiko alikofia mwaka 1945. Vijana wa kambi walitaka kucheza magongo Jumapili, yeye akakataa kuwasimamia. Wakacheza bila refa, wakaishia kupigana. Jumapili iliyofuata Liddell alikuwa uwanjani, ndiye refa. Mtu yuleyule, dhamiri ileile.

Kwa sisi Walutheri, Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 28, linasema wazi kwamba wanaodhani Jumapili imewekwa kuwa ya lazima badala ya Sabato wanakosea. Siku ilichaguliwa ili watu wajue lini wakutane. Na Luther, kwenye Katekisimu Kubwa, anaanza na watumishi na vijakazi: wanaofanya kazi juma zima wapate kupumzika, na watu wapate nafasi ya kulisikia Neno. Basi swali langu kwa marathoni ni hili: siku ile ni nani hapumziki, na ni nani hawezi kulifikia Neno? Mkimbiaji simhesabu. Huyo amejichagulia.

Kocha Ngaramtoni

Mtumishi hapo umegusa penyewe. Niseme upande wa kazi. Jumamosi barabara ya Himo ina malori, mabasi ya Dar na watu wa sokoni. Kuifunga asubuhi ni kufunga riziki ya wengi kuliko Jumapili. Kuanza mchana haiwezekani: Moshi iko chini, Februari ni joto, na ikifika saa 4 anayetembea kilometa 10 za mwisho anatafuta kivuli kuliko maji. Ndiyo maana kipenga hupigwa mapema.

Na mkihamishia Jumamosi, mbio zinaisha saa 6 mchana, watu wanasherehekea usiku, wanaondoka Jumapili. Kifungua kinywa, mashuka, mabasi, vyote vinaangukia Jumapili asubuhi. Mhudumu wa hoteli mnayedai kumtetea anabaki kazini vilevile. Wasabato nao mnawaambiaje? Mnautua mzigo mabegani mwenu na kumtwisha jirani.

(Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa Tanzania, alipochukua ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, ilikuwa Jumatatu. Sijasikia mahubiri hata moja yaliyoisifu Jumatatu hiyo.)

Katekista Kibosho

Tumsifu Yesu Kristo. Kwetu Wakatoliki mlango upo. Kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa inasema anayeshiriki Misa jioni ya siku iliyotangulia ametimiza wajibu wa Jumapili. Mkimbiaji achukue namba yake Jumamosi mapema, aende Misa ya saa 11 jioni, alale. Asifanye kinyume chake, maana akianza na Misa atakuta foleni ya namba imekuwa ndefu na madawati yanakaribia kufungwa.

Anayetaka Misa ya alfajiri apige hesabu ya tumbo. Kanuni ya 919 inadai saa moja bila chakula kabla ya Komunyo. Maji na dawa ruksa. Tuseme kipenga ni saa 12:30. Misa ya saa 10 alfajiri inafika Komunyo kama saa 10:35. Saa 11 kasoro anakula ndizi mbivu mbili na chai ya sukari, anabaki na saa moja na nusu ya kusaga chakula. Misa ikianza saa 11, atakula saa 12 kasoro, na kuupanda mlima na ndizi ambayo haijashuka ni kujitafutia kichefuchefu. Ale kabla ya Misa? Basi iwe saa 9 na nusu, na aamke saa 9. Wachache wataweza.

Kikwazo kiko kwa padre. Kanuni ya 905 inampa Misa moja kwa siku, mbili kwa sababu ya haki, tatu Jumapili pale hitaji la kichungaji linapodai. Ukimwongezea Misa ya saa 10 kwa ajili ya wakimbiaji, kuna kigango (kanisa dogo chini ya parokia) kinakosa Misa siku hiyo, na mara nyingi ni cha mbali, chenye wazee. Hilo lisemwe kwenye halmashauri ya walei kabla watu hawajapiga makofi.

Mama Pasua

Bwana Yesu asifiwe. Nimewasikia akina baba mnagawana kanuni, sasa tushuke barabarani.

Kuna hesabu ambayo waandaaji na makanisa hawaikalii pamoja. Kwenye nusu marathoni wa mbele anakwenda kama kilometa 20 kwa saa, wa nyuma 6. Kwenye kilometa ya 5, wa kwanza anapita dakika ya 15, wa mwisho dakika ya 50. Barabara imeshikwa dakika 35 tu. Kwenye kilometa ya 18, wa kwanza dakika ya 54, wa mwisho dakika ya 180. Hiyo ni saa mbili na dakika sita. Kanisa lililo karibu na uwanja linapigwa mara mbili, mwanzo na mwisho. La katikati ya njia linapona. Kwa hiyo tangazo moja la "ibada zote saa 11 alfajiri" linawaamsha bure watu ambao barabara yao ingekuwa wazi saa 2. Kila usharika upewe ramani na saa zake wiki tatu kabla, mchungaji asome Jumapili mbili mfululizo. Tangazo la Jumapili moja halitoshi, nusu ya watu hawakuwepo.

Kuvuka kwa miguu inawezekana. Msimamizi wa njia anatazama pengo, anavusha watu 15 au 20 kwa mkupuo, wazee na watoto wa Sunday School mbele. Magari hapana. Tatizo linakuja pale wanakwaya wanapofika na spika kwenye pikapu upande usiofaa. Vyombo vilale kanisani tangu Jumamosi.

Na sisi Walutheri wa KKKT tuna shida yetu: mchungaji mmoja, mitaa mitatu au minne, yaani makanisa madogo chini ya usharika mmoja. Mwinjilisti ataongoza ibada na kuhubiri, ila Chakula cha Bwana kinamngoja mchungaji. Ukisogeza ibada ya usharikani kwa saa mbili, umeisogeza mitaa yote nyuma yake, mpaka ule wa mlimani ambako hakuna aliyevaa raba. Afadhali Jumapili ile Chakula cha Bwana kisipangwe kabisa kwa sharika zilizo njiani.

Mangi wa Rau

Mama, hesabu yako imeninyamazisha kwenye barabara. Hujaninyamazisha kwenye bia. Mbio za kilometa 42 zimebeba jina la bia miaka mingi. Februari 25, 2024, siku ya mbio, ilikuwa Jumapili ya pili ya Kwaresima. Muziki, turubai, chupa, mgeni rasmi wa serikali na fulana yake. Baadaye mheshimiwa huyohuyo anaingia kanisani saa 5, jasho halijakauka, anapewa kipaza sauti "asalimie". Kanisa linauza Jumapili mara mbili.

Mhitimu Makumira

Hapo Mangi tuko pamoja, na kwangu hilo ni zito kuliko siku. Mwaka 1618 mfalme James wa Kwanza wa Uingereza alitoa tangazo la kuruhusu michezo kadhaa Jumapili baada ya ibada. Mwanawe Charles akalitoa upya mwaka 1633 na kuwalazimisha mapadre walisome kanisani, waliokataa wakaadhibiwa. Mwaka 1643 Bunge likaamuru lichomwe. Kufikia hapo hakuna aliyekuwa akibishania michezo tena. Ilikuwa ni nani mwenye mimbari.

Utaratibu ni rahisi kuandika, mgumu kusimamia: siku ile mgeni wa siasa akija ibadani anakaa, anaimba, anatoa sadaka, anaondoka. Salamu zake zisomwe na mzee wa kanisa kwenye matangazo, sentensi mbili. Ugumu ni kwamba bahasha ya ujenzi huja pamoja na salamu.

Kocha Ngaramtoni

Siasa haikuanza jana, Mtumishi. Filbert Bayi wa Karatu, aliyevunja rekodi ya mita 1500 mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, hakukimbia Montreal 1976. Tanzania ilisusia pamoja na nchi nyingi za Afrika kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya makaburu. Liddell alijiamulia. Bayi aliamuliwa, kwa sababu ambayo mimi naiona ya haki. Ndiyo maana sipendi Liddell atumike kuamulia mji mzima. Dhamiri ya mtu mmoja ikigeuzwa amri ya barabara, inakuwa kitu kingine.

Kuhusu bia: mdhamini ana mkataba. Ombeni hema la bia lisifunguliwe kabla ya saa 6 na liwe mbali na mlango wa kutokea. Hilo linazungumzika. Jina kwenye fulana halitabadilika kwa barua ya usharika mmoja.

Mama Pasua

Kwenye barua hiyo ongezeni na wagawa maji. Wengi ni vijana wetu wa kwaya na wanafunzi. Wanafika mezani saa 10 alfajiri, wanaondoka saa 6 mchana, ibada zote zimepita. Zamu mbili zinatosha: ya kwanza mpaka saa 2 na nusu, ya pili kutoka hapo. Meza yenye watu 12 itahitaji 24, na kanisa ndilo lenye watu hao. Tukiwapeleka sisi, tunaweka masharti sisi.

Mangi wa Rau

Zamu mbili naunga mkono, hema naunga mkono, na la kumnyima mgeni kipaza sauti naliunga mkono mara mbili. Kura yangu ya Jumamosi bado iko palepale.

Katekista Kibosho

Na Wasabato, Mangi? Kocha amekuuliza tangu asubuhi.