Tupeane uzoefu: Tozo za miamala zilikubadilishaje namna ya kutuma na kupokea pesa?

Wakuu, habari za muda huu.

Sileti siasa hapa, wanasiasa wana nyuzi zao. Tukumbushane tu. Tarehe 15 Julai 2021 hapa Tanzania tozo ya serikali kwenye miamala ya pesa kwa simu ilianza kukatwa, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kwa kadiri ya kiasi unachotuma au kutoa, na hiyo ni juu ya ada ya mtandao wenyewe. Kelele zikawa nyingi, Rais Samia akaagiza iangaliwe upya, na Septemba ikapunguzwa kwa 30%. Julai 2022 kiwango cha juu kikashuka kutoka 7,000 hadi 4,000, lakini mwaka huohuo tozo ikaingia na benki. Oktoba mwaka huo baadhi yake zikafutwa.

Nataka kusikia yaliyotokea majumbani. Kwenye familia yenu nani alibeba makato, mtumaji au mpokeaji? Mlihamia njia gani? Mmerudi?

Naanza mwenyewe. Bi mkubwa, yaani mama yangu, yuko Iramba. Nilizoea kumtumia kidogokidogo, leo ya sukari, keshokutwa ya dawa. Tozo ilipoingia nikaona nilimbikize, nitume mara moja mwisho wa mwezi. Kwangu hesabu ilikaa vizuri. Kwake ilikuwa balaa, maana pesa ya mwezi mzima ikiingia kijijini kwa mkupuo haikai siri. Mwenye mgonjwa anakuja, mwenye ada ya mtoto anakuja, na bi mkubwa hajui kusema hapana. Wiki ya tatu yuko kwenye daftari la madeni kwa Mangi, mwenye duka. Tiririkeni.

Wakala, Mbagala
Mleta mada, sisi mawakala ndio tuliotukanwa. Mteja anatoa elfu hamsini, anasoma meseji ya makato, anakugeukia wewe. Nilibandika ukutani karatasi ya viwango ila nani anasoma karatasi akiwa na hasira?

Watu wengi hapa wanadhani biashara ilipungua tu, basi. Hapana, iligeuka. Wateja wakagundua kuweka pesa hakukatwi, kinachokatwa ni kutuma na kutoa. Basi mtu anakuja dirishani, "niwekee laki kwenye namba hii". Namba si yake, ni ya mdogo wake Tabora. Ameruka ada ya kutuma na tozo yake kwa pamoja. Mitandao haiupendi mchezo huo, na ukikosea tarakimu moja kwenye namba usiyoijua, mteja hakuelewi, anataka hela yake kwako.

Sasa angalia kinachotokea. Wote wanaweka, wachache wanatoa. Floti, yaani salio la wakala kwenye simu, inaisha saa nne asubuhi, droo imejaa noti. Inabidi nifunge kibanda, nibebe zile noti hadi kwa wakala mkuu ninunue floti, huku vijana wa mtaani wananiangalia nimebeba nini. Mwenzangu wa kule Tabora yeye ana kinyume changu, floti imejaa kwenye simu, keshi hana. Mteja wake anaambiwa arudi jioni. Kamisheni yetu inategemea watu kutuma, kutoa na kuweka kwa zamu, ukibana upande mmoja unayumba wote.

Konda mstaafu, Mbeya
Bahasha zilirudi kwenye mabasi. Tulikuwa tumezisahau kabisa. Mtu anakupa mfuko wa mchele, anakunong'oneza "kuna kitu humo ndani, mpe dada atakuja stendi". Ikipotea utasema nini, na hakuna risiti?

Mtunza hazina wa kikoba, Morogoro
Kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, kilishaacha sanduku, michango ikawa inakuja kwenye laini ya kikundi. Tozo ilitupata mara mbili kwenye hela ileile. Mwanachama akituma hisa anakatwa, siku ya kugawana tukitoa tunakatwa tena. Akina mama wakasema rudisha sanduku la kufuli tatu. Tukarudisha. Ubaya wake ni kwamba wanachama waliohamia Dodoma na Iringa wakawa hawawezi kushiriki tena, na mmoja wao ndiye aliyekuwa mlipaji mzuri kuliko sisi tuliobaki.

Mwalimu, Kigoma vijijini
Mimi nitakuwa tofauti, mnisamehe. Tarafa yetu haikuwa na kituo cha afya. Mama mjamzito akizidiwa usiku ni pikipiki na barabara ya matope. Kituo kilijengwa, na kwenye mkutano wa kijiji tuliambiwa ni fedha za tozo. Nakatwa, nalalamika kama nyinyi, lakini jengo naliona kila nikienda shuleni.

Jibu kwa mwalimu wa Kigoma
Mkuu, hakuna anayekataa kituo. Swali ni nani alichangishwa. Mwenye mshahara benki 2021 aliguswa kidogo. Anayetuma elfu kumi kumi kwa wazazi, na muuza mitumba anayelipwa kwa simu, ndio waliojenga. Kodi ya mapato inaangalia kilichobaki baada ya gharama. Hii iliangalia hela inapopita tu, hata kama ni ya msiba.

Mwalimu, Kigoma vijijini
Hapo kwenye msiba sina la kusema. Rambirambi zilikatwa.

Mama lishe, Mwanza
Wateja wangu wa ofisini hawana keshi. Nina lipa namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo, lakini mara nyingi wananitumia kwenye namba ya kawaida. Zamani nasema "ongeza na ya kutolea" wanacheka wanaongeza. Tozo ilipoanza wakawa wanasema dada, tunakatwa na sisi. Sahani ya wali maharage ina faida ndogo sana, nikibeba makato nimepika bure. Nikaanza kuweka akiba hukohuko kwenye simu bila kutoa, mkaa nalipa kwa simu, samaki nalipa kwa simu. Mwenye samaki naye akaniambia weka na ya kutolea, haha.

Mtanzania, Kampala
Huku walitutangulia. Julai 2018 walileta mambo mawili pamoja, shilingi 200 za Uganda kwa siku ili ufungue WhatsApp na Facebook, na asilimia moja kwenye pesa za simu. Ile ya mitandao ya kijamii watu waliikwepa kwa VPN, programu ya kuficha unachofungua mtandaoni, hata wazee walijifunza. Ya pesa haikwepeki kwa VPN. Baada ya kelele ikashushwa kuwa nusu asilimia, na kwenye kutoa tu. Ile ya 200 iliondolewa 2021, wakaweka 12% kwenye bando. Sasa hata asiyetaka WhatsApp analipa.

Mombasa
Kwetu Kenya ushuru uko ndani ya ada, hauhesabiwi kwa pesa unayotuma. Mwaka 2023 ulipanda kutoka 12% hadi 15% ya ada. Hauonekani kwenye meseji kama mstari peke yake, ndiyo maana hamsikii tukipiga kelele kama nyinyi. Si kwamba hatulipi.

Mleta mada
Huyu wa Mombasa amenifungua macho. Hata kwetu ada za mitandao zilikuwa na kodi ndani yake kabla ya tozo, ila nani aliwahi kugombana na wakala kwa ajili hiyo? Iliyotuuma ni ile iliyoandikwa kwenye meseji.

Walioniuliza PM (ujumbe wa faragha) kama nimeendelea kulimbikiza: hapana, bi mkubwa alikataa. Sasa natuma kila Jumatatu kiasi kidogo, makato nabeba mimi, na duka la Mangi nalilipa moja kwa moja kwa simu kwa vitu alivyochukua. Mangi ananitumia picha ya daftari. Kama kuna mwingine anafanya hivi aseme mnaelewana vipi na mwenye duka kuhusu bei, maana naona sukari ya mama yangu ina bei yake peke yake.