Mjadala: Filamu, muziki na gemu ulizolipia mtandaoni, ni haki kampuni kuziondoa?

MLETA MADA

Habari zenu wakuu. Jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu, leo naliweka mezani tulijadili kwa uwazi.

Mimi ni mkusanyaji. Nina rafu ya CD na DVD, santuri kadhaa, na kanda za video ambazo sina moyo wa kuzitupa. Kila anayeingia chumbani ananiuliza haya yote ya nini, na simu ninayo. Jibu langu siku zote ni kwamba vilivyomo kwenye simu si vyangu. Msimamo wangu niuseme mapema ili mpate pa kunipingia: mtu akishalipa bei kamili ya filamu, albamu, kitabu au gemu, muuzaji asiwe na ruhusa ya kurudi kuchukua. Na mpaka sheria iseme hivyo waziwazi, kile unachokipenda kwa dhati kitafutie nakala iliyo mikononi mwako.

Sisemi kwa hofu tu, yameshatokea. Julai 2009 wasomaji wa Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, nchini Marekani waliwasha vifaa vyao wakakuta vitabu viwili vya George Orwell walivyovinunua havimo. Aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo, basi Amazon ikavifuta kwa mbali na kurudisha pesa. Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, aliomba radhi hadharani, na alistahili kuomba. Miaka kumi baadaye, 2019, Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki. Wateja walirudishiwa fedha zao, lakini vitabu vikafungwa, hata kwa aliyekuwa katikati ya sura. Desemba 2023 Sony ikawatangazia wateja wa PlayStation kwamba vipindi vya televisheni vya kampuni ya Discovery walivyovinunua vitaondolewa kwenye maktaba zao ifikapo mwisho wa mwaka. Watu walipiga kelele, mkataba kati ya kampuni hizo mbili ukahuishwa, vipindi vikabaki. Kwa hiyo hatima ya mali ya mteja iliamuliwa kwenye kikao ambacho mteja hakualikwa.

Jimbo la California limepitisha sheria iliyoanza kutumika Januari 2025: duka la kidijitali linatakiwa limweleze mteja wazi kwamba anachopata ni leseni, yaani ruhusa ya kutumia tu, si umiliki. Ni hatua, naipongeza. Ila sheria hiyo inamtaka muuzaji aseme ukweli, haimzuii kuchukua. Karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, mada ni nzito lakini naomba nitofautiane nawe.

Masharti tuliyakubali wenyewe. Hakuna aliyetushika mkono. Na duka la mtandaoni mara nyingi halimiliki hiyo filamu, limepewa ruhusa na mwenye hakimiliki kwa kipindi maalumu. Kipindi kikiisha na wasipoelewana, duka nalo linabaki halina la kufanya. Ukililazimisha litunze kila kitu milele, gharama za seva atazibeba nani? Mwisho wa siku zitaongezwa kwenye bei, tutalipa mimi na wewe, tukimlipia mtu anayetaka filamu ambayo watu wengine wote wameshaisahau.

Halafu tazama watu wenyewe wamechagua nini. Marekani mwaka 2024, asilimia 84 ya mapato ya muziki uliorekodiwa yalitoka kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni. Kwa ada ya mwezi mmoja mimi napata nyimbo ambazo kizazi cha baba yangu kisingeweza kuzinunua maisha yao yote. Msanii mchanga asiye na mtu wa kumshika mkono anarekodi chumbani kwake na wimbo wake unafika kila bara. Rafu haikumpa mtu kama yule nafasi hiyo hata siku moja. Filamu nyingi natazama mara moja, ikiisha imeisha. Kukusanya ni jambo jema na nawaheshimu wanaokusanya, lakini sheria ya umma isijengwe juu ya mapenzi ya watu wachache.

MCHANGIAJI WA PILI

Ndugu yangu hapo juu, hao wachache ndio waliotuwekea mengi tunayoyaona leo. Mimi nimefanya kazi za kumbukumbu na hili linaniuma, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilichapisha utafiti kuhusu filamu ndefu za enzi za filamu bubu. Zilitengenezwa karibu 11,000 nchini humo, na zilizosalia katika umbo lake la awali ni asilimia 14 tu. Nyingine ziliungua, maana mikanda ya naitreti inashika moto upesi. Nyingine zilioza. Lakini nyingi ziliangamizwa na wenyewe. Zilipokuja filamu za sauti, zile za zamani zilionekana hazina soko, na madini ya fedha yaliyomo kwenye mkanda yakaonekana yana faida kuliko picha.

Tukija kwenye televisheni, miaka ya 1960 na 1970 BBC ilikuwa ikifuta kanda zake ili izitumie tena. Tamthilia ya Doctor Who peke yake ilipoteza vipindi vingi mno, na hadi miaka ya karibuni zaidi ya 90 vilikuwa bado havijapatikana. Lakini sauti ya kila kimoja ipo! Ipo kwa sababu watazamaji wa kawaida, wengine vijana wadogo, walikuwa wakirekodi nyumbani, wapo walioweka maikrofoni mbele ya spika ya televisheni na kuwaomba wenzao wakae kimya. Shirika lililotengeneza halikutunza, mtoto sebuleni kwao akatunza. Na mwaka 2013 ilitangazwa kuwa vipindi 9 vilivyohesabiwa kuwa vimepotea vimepatikana kwenye kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria, vilikokuwa vimelala rafuni kwa miaka mingi.

Mfano mwingine ni Marion Stokes wa Philadelphia, aliyewahi kuwa mkutubi. Kuanzia 1979 mpaka alipofariki Desemba 2012, alirekodi habari za televisheni usiku na mchana kwa deki kadhaa kwa pamoja. Ratiba ya familia nzima ilifuata urefu wa kanda, kwa sababu lazima awepo mtu wa kubadilisha. Aliacha kanda zipatazo 70,000, zikakabidhiwa Internet Archive, hifadhi ya kumbukumbu ya mtandaoni. Nina hakika wapo waliomwona amepagawa. Leo mtafiti akitaka kujua tukio fulani lilitangazwaje siku lilipotokea, huenda akalipata kwenye kanda za mama huyo.

Mwenye hakimiliki ana haki ya kuuza. Wajibu wa kutunza hana, hakuna sheria iliyomtwika. Akiona kitu hakiuziki, anakiacha kife. Kwa hiyo mtu akiniambia nakala zote zikae kwenye seva ya mwenye mali, namwona kama anaturudisha kwenye makosa yale yale ya miaka ya 1920.

MCHANGIAJI WA TATU

Mimi ni mtu wa gemu, na nakubaliana na mleta mada nusu.

Nusu ninayoikataa ni hii ya kuamini rafu. Waulizeni waliokuwa na The Crew, gemu ya magari ya kampuni ya Ubisoft. Ilitoka 2014, watu wakanunua diski, boksi zima na kava lake. Machi 31, 2024 seva zikazimwa, na gemu ilikuwa haikubali kuwaka bila seva hata ukicheza peke yako. Diski ipo, haina mkwaruzo, na haichezi. Gemu nyingi za siku hizi ukifungua boksi unakuta kipande tu cha gemu, kilichobaki unapakua. Sasa hapo umeshika nini?

Tatizo ni kufuli lililowekwa ndani ya faili, linalokuzuia kulitumia au kulinakili bila idhini ya kampuni. Plastiki si hoja. Na msituambie kufuli haliondoki, kwa sababu limeshawahi kuondolewa na biashara haikufa. Mwaka 2009 Apple iliacha kufunga nyimbo kwenye duka la iTunes, na watu waliendelea kununua. Duka la GOG limekuwa likiuza gemu zisizo na kufuli tangu 2008. Faili kama hilo ukishalipakua limekuwa lako, unaliweka hata kwenye diski mbili tatu na hakuna wa kukupigia simu.

Mnaoona ni mambo ya wachache, mwaka 2023 wakfu wa Video Game History ulitoa matokeo yake: asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena kwa njia yoyote halali. Na ile kampeni ya Ulaya iliyoanzia kwenye kifo cha The Crew, inayodai gemu iachwe katika hali ya kuchezeka baada ya kampuni kuiacha, ilipata saini zaidi ya milioni 1 mwaka 2025. Watu milioni moja si kikundi cha wapenda rafu.

MLETA MADA

Ahsanteni wote, hoja nzito.

Nianze na mchangiaji wa kwanza. Mkuu, hapo kwenye ada ya mwezi wala hatugombani. Mimi pia nalipa, na najua nimepanga. Mwenye nyumba akibadilisha samani ni shauri lake. Ninachokitetea ni kile nilichouziwa, kwa bei ya kuuziwa, kikawekwa kwenye ukurasa wenye jina langu. Na mchango wa huduma hizi kwa wasanii wachanga naukubali moja kwa moja, ila haunielezi kwa nini albamu niliyoilipia mwaka juzi iondoke leo. Kuhusu seva, sijaomba mtu anitunzie milele. Naomba kabla hajafunga mlango anipe faili langu lisilo na kufuli nikalitunze mwenyewe, kwa gharama yangu.

Mchangiaji wa tatu, hoja ya kufuli umenikamata nayo vizuri. Pamoja na hayo diski ina haki moja ambayo faili halijaipata. Tangu hukumu ya mwaka 1908 nchini Marekani, mwenye hakimiliki akishauza nakala hana tena usemi juu ya nakala ile. Unaweza kuiazima, kuiuza, kuigawa. Walipojitokeza kampuni ya ReDigi wakataka kuwawezesha watu kuuza nyimbo za kidijitali walizokwisha kuzisikiliza, mahakama ya rufaa iliwakatalia mwaka 2018, kwa hoja kwamba kuhamisha faili ni kutengeneza nakala mpya. Kwa hiyo mwenye CD anaweza kumpa mdogo wake, mwenye faili haruhusiwi. Hilo kwangu ni pengo kubwa sana la haki na sijui kwa nini halizungumzwi.

Ni kweli diski zinakufa. Fanyeni jaribio hili: chukua CD ya zamani, iinue mbele ya taa huku upande wa maandishi ukikuelekea. Ukiona vitobo vidogo vya mwanga kama ncha za sindano, tabaka la alumini limeanza kuliwa, na kawaida linaanzia ukingoni, ambako hewa hupenya. CD husomwa kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo nyimbo za mwisho ndizo zinazoanza kukwamakwama. Usisubiri. Ihamishie kwenye kompyuta siku hiyo hiyo, kwa mfumo wa FLAC usiopunguza ubora. Kanda za video ndizo zenye haraka zaidi, kwa sababu mashine zake hazitengenezwi tena. Funai, waliokuwa wa mwisho kuzitengeneza, waliacha mwaka 2016. Ukiona utando mweupe kwenye mkanda kupitia kile kidirisha cha plastiki, ni kuvu, usiutie kwenye deki, utaambukiza kanda nyingine zote.

Na kuna kitabu kidogo cha ndani ya kava. Humo ndimo nilimojua nani alipiga besi kwenye wimbo fulani, nani alirekodi, studio gani, nani ameshukuriwa. Kwenye simu wimbo unakuja na jina la mwimbaji na picha ndogo, na sehemu ya majina ukiipata huwa imejazwa nusunusu. Mpiga besi ametoweka. Mtu amefanya kazi hiyo maisha yake yote na msikilizaji hajui kama yupo.

MCHANGIAJI WA NNE

Nawasoma tangu mwanzo, naomba kuuliza. Tuseme mtu ametumia miaka mingi kununua gemu na filamu kwenye akaunti yake, kisha akafariki. Watoto wanarithi nini? Nilisoma kwamba mwaka 2024 Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ilimjibu mteja aliyeuliza swali hili, ikasema akaunti haiwezi kuhamishwa kwa wosia. Na kwa upande wa pili, mkusanyaji akifariki, mara nyingi watu hawajui alichoacha, maboksi yanaishia jalalani. Sasa ipi afadhali?

MLETA MADA

Dada, swali lako ndilo lililonifanya nianzishe mada hii, ila sikujua niliweke vipi.

Cha jalalani kinazuilika. Andika daftari: kila kitu, kiko wapi, kipi ni adimu, kipi ni cha kawaida tu, na nani apewe. Vile ambavyo havipatikani popote taja maktaba au hifadhi ya kumbukumbu itakayovipokea, na uongee nayo ukiwa hai, kwa sababu nyingi hazipokei maboksi yasiyo na orodha. Weka daftari hilo pamoja na nyaraka zako nyingine, na mwonyeshe angalau mtu mmoja nyumbani. La akaunti halina daftari. Hata ukimwachia mtoto nenosiri, masharti ya huduma nyingi hayamruhusu, na siku wakigundua wanafunga.

Mchangiaji wa kwanza, narudi kwako, maana kwenye hili hujanijibu. Duka limeishiwa mkataba, sawa. Seva ni ghali, sawa. Ubaya wa kunipa siku 60 nipakue nakala yangu isiyo na kufuli ni upi, na unamwangukia nani?